Mlango uliopanda paani: kisa cha Mercedes-Benz 300 SL

Kuingia kwenye Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 kunataka mpangilio. Unabonyeza ncha moja ya mshikio uliolala bapa ubavuni, ncha ya pili inachomoza, unavuta, na mlango mzima unapanda juu pamoja na kipande cha paa. Pale unapotarajia kuona sakafu unakutana na ukuta: kizingiti kipana kilichoinuka kama benchi kati yako na kiti. Ukiwa dereva unaanza kwa kuulaza usukani, maana umewekewa bawaba yake ili upishe mapaja. Kisha unakalia kizingiti, mgongo umeinama usigonge ukingo wa paa, unaingiza mguu mmoja, wa pili unaufuata, unajiteremsha kitini na kuurudisha usukani mahali pake. Halafu unanyoosha mkono kuufuata mlango, ambao muda wote huo umebaki ukining'inia juu ya kichwa chako.

Mwenye magoti mazima na nguo isiyobana hulizoea zoezi hili baada ya siku chache. Mzee, mjamzito au mtu aliyebeba mtoto hatalizoea, na kusema kweli gari hilo halikutengenezwa kwa ajili yao.

Milango hii inaitwa mabawa ya shakwe, kwa sababu ikiwa wazi yote miwili gari linafanana na ndege wa pwani aliyetanua mbawa. Jina zuri limeleta dhana mbaya: wengi huamini kwamba mchoraji fulani aliota mlango wa namna hiyo, wahandisi wakalazimika kuujenga. Kwenye 300 SL mambo yalikwenda kinyume chake, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kuliko kingine. Tunajua mlango ulizaliwa kwa shida gani, uliwagharimu nini waliokaa ndani, na kampuni yenyewe ilifanya nini miaka mitatu baadaye ilipopata nafasi ya kubadilisha mawazo.

Mabomba kwanza

Mwanzo wa 300 SL ni gari la mashindano la mwaka 1952, lililopewa namba W194. Mercedes-Benz ilikuwa inarudi mashindanoni baada ya vita ikiwa na mfuko mdogo. Injini ya silinda sita na viungo vingine vingi vilichukuliwa kutoka kwenye gari kubwa la kifahari la 300, na injini hiyo ilikuwa nzito. Rudolf Uhlenhaut, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, hakuwa na uhuru wa kutengeneza injini mpya. Uzito ilibidi upungue kwingine, na palipobaki ni kwenye fremu.

Akaijenga kwa mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu. Bomba jembamba ni imara sana ukilivuta au kulisukuma kwa urefu wake, ila ukilikunja linasalimu amri upesi. Pembetatu zikipangwa vizuri, kila bomba linabaki likivutwa au kusukumwa tu, na fremu inakuwa nyepesi bila kulegea. Kwenye gari la barabarani lililofuata, fremu yote ilikuwa na uzito wa kilo 82. Watu wawili wanaibeba.

Ujanja huo una sharti moja. Ili gari lisijisokote kwenye kona, ubavu wa fremu lazima uwe na kina, yaani umbali wa kutosha kati ya bomba la chini na la juu. Ukitaka kulielewa hili, chukua boksi la kadibodi lisilo na kifuniko, lishike ncha mbili ulisokote, linakataa. Sasa kata kipande kikubwa ubavuni, uache utepe mwembamba tu chini, ulisokote tena. Mlango wa kawaida wa gari ndiyo ile sehemu uliyoikata. Uhlenhaut asingeweza kukata mabomba yake hadi chini bila kuua kila alichokipata, hivyo mabomba yakabaki yanapita katikati ya mahali ambapo mlango ungekuwa, kwa kimo cha nyonga ya dereva aliyeketi.

Mlango wa kufunguka ubavuni uliobaki juu ya mabomba hayo ungekuwa kidirisha tu. Hakuna mtu mzima angepita. Uwazi ulihitaji kuongezwa, na mahali pekee palipobaki pa kuuongezea ni paani. Ukishakata paa, bawaba nazo hazina pa kukaa isipokuwa kwenye uti wa katikati wa paa hilo. Mlango ukapanda juu kwa sababu njia nyingine zote zilikuwa zimeshafungwa.

Swali la wakaguzi

Magari ya kwanza, yaliyoshiriki Mille Miglia, mbio za barabarani za mwaka 1952 nchini Italia, yalikuwa na milango mifupi zaidi. Iliishia usawa wa kiuno cha gari, mfano wa mfuniko wa tundu la kuingilia ndani ya boti. Wakaguzi wa mashindano waliiangalia kwa mashaka. Jibu la upande wa Mercedes lilikuwa la kisheria: kanuni zilitaka gari liwe na milango, hazikusema mahali popote kwamba mlango lazima ufunguke kwenda pembeni.

Walishinda hoja, ila nadhani wakaguzi ndio walioliona jambo lenyewe. Mlango wa gari una kazi mbili zinazovutana. Gari likienda, unatakiwa ukatae kufunguka kwa nguvu yoyote. Gari likisimama vibaya, unatakiwa ufunguke upesi kwa mkono wa mtu aliyechanganyikiwa, aliyeumia, au aliyeko nje na hajawahi kuliona gari la aina hiyo. Tundu la paani linaitimiza kazi ya kwanza vizuri sana. Kwenye kazi ya pili ndipo mashaka yanapoanza.

Kufikia mashindano ya saa 24 ya Le Mans, mwezi uliofuata, milango ilikuwa imeongezwa urefu na kukata ubavu wa gari kwenda chini zaidi. Hermann Lang na Fritz Riess walishinda mbio hizo, na baada ya ushindi kama huo nani tena angeuliza habari za mlango?

Kutoka uwanjani kwenda barabarani

Dereva wa mashindano huingia mara moja na kutoka mara moja, amevaa kwa kazi hiyo, na wasaidizi wamesimama pembeni. Max Hoffman, mfanyabiashara aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya Marekani, aliishawishi kampuni itengeneze gari hilo kwa ajili ya wateja wa kawaida wenye fedha. Toleo la barabarani, W198, likaonyeshwa New York Februari 1954. Fremu ya mabomba ilibaki, na milango ikabaki nayo.

Hapo matatizo ambayo uwanjani hayakuwa matatizo yakaanza kuhesabika. La kwanza ni dirisha. Mlango uliopinda kwenda paani hauna nafasi ya kioo kuteremka, kwa hiyo kioo cha pembeni cha 300 SL hakishuki. Ukitaka hewa unafungua kipembe kidogo cha mbele, au unakitoa kioo kizima na kukihifadhi nyuma ya viti. Injini kubwa iko mbele ya miguu yako, juu una paa dogo, na jua linapiga. Matundu ya kutolea hewa juu ya kioo cha nyuma yalipunguza joto, hayakulimaliza.

La pili ni uzito wa mlango wenyewe. Mlango wa kawaida unabebwa na bawaba, wewe unausukuma tu. Mlango wa juu ni mzigo unaoinuliwa kila siku. Wahandisi walifunika milango kwa alumini na kuweka nguzo fupi zenye springi za kusaidia kuinua, na kwa kipimo cha wakati ule walifanya kazi safi. Ila springi huchoka. Springi ya mlango wa kawaida ikichoka, mlango haukai wazi kwenye mteremko; ikichoka hii, mlango unakuangukia.

Mvua nayo isisahaulike. Ukifungua, paa juu ya kiti halipo tena. Maji yaliyokuwa yametulia juu ya mlango yanateremka kuelekea kwenye uti wa bawaba, na raba za kuzuia maji zinazungukia pembe nyingi kuliko kwenye mlango wa kawaida.

Ipo sehemu moja ambayo mlango huu unashinda kabisa, na watu huisema kinyume. Wengi hudhani mabawa yanahitaji nafasi kubwa ya kuegesha. Ukweli ni kwamba mlango mrefu wa gari la milango miwili ndio unaokula nafasi pembeni. Bawa linapanda karibu na mwili wa gari. DeLorean DMC-12, lililotengenezwa Ireland ya Kaskazini miaka ya 1981 na 1982, lilihitaji takriban sentimita 28 tu kila upande mlango upite. Shida inahamia juu: dari fupi la gereji, tawi la mti, au gari likiwa limepandishwa juu ya lifti ya fundi.

Gari likilala juu ya paa

Hapa ndipo kisa chote kinapoegemea, nami nitakaa kidogo.

Fikiria gari la kawaida limepinduka, magurudumu juu. Paa likiwa limehimili, mlango wake bado unafunguka kwenda pembeni, sambamba na ardhi. Unaweza kukwama kwa sababu nguzo zimejikunja, lakini ramani ya mwendo wake haijafungwa. Sasa lipindue gari lenye mabawa. Sehemu ya mlango iko chini ya gari, imebanwa kati ya gari na ardhi. Ili ufunguke, mlango unatakiwa uende upande ambao sasa ni ardhini. Kufuli inaweza kuwa nzima, mshikio ukafanya kazi, mtu akawa hajaumia hata kidogo, na bado mlango hautoki. Njia iliyobaki ni kupitia kioo.

Gari likilala ubavu, tuwe wa haki, tofauti hupungua. Mlango wa juu wa gari lolote inabidi uinuliwe dhidi ya uzito wake, na wa chini hauna faida kwa mtu yeyote. Gari likigongwa ubavuni, kizingiti kile kinachomtesa mzee kinakuwa ukuta wa mabomba kando ya nyonga, kinga ambayo magari mengi ya miaka hiyo hayakuwa nayo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba muundo huu ni hatari kwa kila hali. Una hali moja ambamo unashindwa kabisa.

Kinachonisumbua ni kwamba hali hiyo haikuwa ngeni kwa gari hili hasa. Ekseli ya nyuma ya 300 SL ilikuwa ya aina inayobembea kwa nusu mbili kutoka katikati. Dereva akiingia konani kwa kasi kisha akaondoa mguu ghafla kwenye mafuta, magurudumu ya nyuma yangeweza kubadilisha mkao wake na nyuma ya gari kuponyoka bila onyo. Injini ilikuwa na nguvu za kulipeleka gari hadi kilomita 260 kwa saa kwa uwiano fulani wa gia za ekseli ya nyuma. Gari lenye kasi ya namna hiyo na mkia usiotabirika limepewa milango isiyofunguka likipinduka. Kila uamuzi una sababu yake ukiutazama peke yake. Ukiyapanga maamuzi hayo pamoja, hesabu inatisha.

Hukumu ya mwaka 1957

Magari 1,400 ya mabawa yalitengenezwa, kisha mwaka 1957 yakakoma. Badala yake ikaja 300 SL Roadster, gari la wazi. Gari lisilo na paa haliwezi kuning'iniza mlango paani, hivyo wahandisi walilazimika kurudi kwenye swali ambalo mwaka 1952 walilikwepa: je, ubavu wa fremu unaweza kushushwa?

Uliweza. Mabomba ya pembeni yalipangwa upya, fremu ikaimarishwa kwingine, uzito ukaongezeka, na mlango wa kawaida wenye bawaba mbele ukapatikana. Vioo vikashuka. Buti ikapata nafasi zaidi. Ekseli ya nyuma nayo ikabadilishwa kwa kushusha kiungo chake cha kati, gari likatulia konani. Roadster ikaendelea hadi 1963 na ikauzwa kuliko iliyotangulia, magari 1,858.

Mimi naisoma Roadster kama jibu la kampuni kwa kampuni yenyewe. Kilo kadhaa za chuma ndizo zilizokuwa bei ya mlango wa kawaida. Mwaka 1952, mashindanoni, bei hiyo ilikuwa haivumiliki, na hapo nawaunga mkono. Mwaka 1954, kwa mteja anayekwenda dukani na kurudi, bei hiyo ingelipika. Hakuna aliyeilipa, nadhani kwa sababu mlango ulikuwa umeshakuwa sura ya gari.

Waliorithi umbo bila shida yake

Baada ya hapo mabawa yalirudi mara nyingi, na mara nyingi fremu haikuyadai. Bricklin SV-1, lililotengenezwa Kanada miaka ya 1974 na 1975, lilikuwa na milango yenye uzito wa takriban kilo 40 kila mmoja, ikiinuliwa kwa mtambo wa haidroliki ambao ungeweza kuchukua hadi sekunde 12. Kinaya ni kwamba gari hilo lilitangazwa kama gari la usalama. Hesabu sekunde 12 kimyakimya ukiwa umejifungia chumbani, uone ni muda gani.

DeLorean walikuwa makini zaidi: mlango mzito wa chuma kisichoshika kutu ulisaidiwa na ufito wa chuma uliosokotwa, uliotengenezwa na Grumman, kampuni ya ndege, kwa kupozwa kwenye nitrojeni iliyo katika hali ya kimiminika. Ufito hauhitaji betri. Dirisha lake lakini lilikuwa kijidirisha ndani ya kioo kisichofunguka, cha kupitisha mkono wa kulipia ushuru, wala si mtu.

Tesla Model X, iliyoanza kufikia wateja mwaka 2015, ina mabawa ya nyuma yenye kiungo cha pili katikati na sensa za kupima vizuizi, kwa hiyo yanajikunja kupita mahali pembamba. Kumweka mtoto kwenye kiti chake ni rahisi kuliko gari lolote la kawaida, nalikubali hilo bila ubishi. Umeme ukikatika, abiria wa nyuma anatakiwa aondoe kifuniko cha spika kilicho mlangoni, avute kebo iliyojificha nyuma yake, kisha auinue mlango kwa mikono. Aliyeketi pale mara nyingi ni mtoto yuleyule ambaye mlango ulitengenezwa kwa ajili yake.

Linganisha na jinsi mlango wenye bawaba nyuma ulivyoshughulikiwa. Huo ukifunguka kwenye mwendo, upepo unaudaka na kuutupa wazi, na enzi ambazo mikanda ya viti ilikuwa haijaenea uliwatoa watu nje. Haukupigwa marufuku. Kanuni ya kimataifa ya makufuli ya milango, iliyopitishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2004, inataka mshikio wa ndani wa mlango wa aina hiyo usifanye kazi gari linapofikia kilomita 4 kwa saa. Hatari iliyojulikana ikawekewa kizuizi kinachopimika. Kwa mlango wa juu swali la kupinduka liliachwa, kwa kiasi kikubwa, kwa dhamiri ya mtengenezaji.

Baruti kwenye bawaba

Mercedes yenyewe ililirudia swali hilo na SLS AMG (AMG ni kitengo chake cha magari ya kasi), iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 2009. Bodi yake ilikuwa ya alumini, imejengwa kwa mbinu za kisasa, na mlango wa kawaida ungetoshea bila vita. Mabawa yaliwekwa kwa sababu babu yake alikuwa nayo.

Kwa kuwa walichagua, ilibidi wakijibu kile ambacho mwaka 1954 kilipita kimya. Bawaba za SLS zimefungwa kwa bolti zenye baruti. Sensa zikitambua kwamba gari limepinduka na kulala juu ya paa, baruti inalipuka, bolti zinakatika, na mlango unaachana na gari ili usukumwe nje. Kama kazi ya uhandisi, naivulia kofia. Ni jibu kamili kwa hali ileile moja ambamo muundo unashindwa, na linaonyesha kwamba waliijua hali hiyo kwa undani. Pia limeongeza vilipuzi, sensa na nyaya kwenye kitu ambacho kwenye magari mengine ni pini mbili za chuma. Fundi wa bodi anayekuja kunyoosha mlango baada ya ajali ndogo anatakiwa ajue kuna baruti karibu na mikono yake. Mtu wa zimamoto anayekata paa anatakiwa ajue asikate wapi.

Na mtu mfupi aliyeketi ndani ya SLS bado ananyoosha mkono juu kuufuata mlango, kama mwaka 1954.

SLS ilitengenezwa hadi mwaka 2014. Mwaka huohuo AMG ikaonyesha gari jipya la kushika nafasi yake, AMG GT: boneti ndefu vilevile, kiti cha chini vilevile, milango miwili yenye bawaba mbele inayofunguka kwenda pembeni.